Kumfuga Sungura Nyumbani Mombasa: Joto, Tumbo na Mengineyo

Sungura wa kufugwa si yule wa hadithi. Yule mjanja wa hadithi, ambaye pwani huitwa pia kitungule, ni mnyama wa nyika: huzaliwa na manyoya na macho wazi, hulala juu ya ardhi, na jua analijua. Huyu wa nyumbani ni ukoo mwingine. Asili yake ni Hispania na Ureno, ambako wahenga wake walichimba mashimo, wakashinda mchana ardhini penye ubaridi na kutoka kula alfajiri na magharibi. Mwili huo huo ndio ulioletwa Mombasa kwenye joto la nyuzi 32 la Februari na hewa nzito ya bahari.

Kwa hiyo mambo ya kuogopwa ni mawili, joto na tumbo kusimama, na hayo mawili ni ndugu. Akizidiwa na joto huacha kula. Akiacha kula, tumbo husimama. Tumbo likisimama, gesi hujaa, maumivu humzuia kula zaidi, na huna siku tatu za kusubiri uone. Una saa chache. Karibu kila tunachoeleza hapa kinarudi kwenye mnyororo huo.

Chumba kwanza, mnyama baadaye

Banda la waya lililotundikwa uani ni la mfugaji wa nyama. Sungura wa kuishi na familia akae ndani ya nyumba. Nunua kipimajoto cha ukutani cha bei nafuu, ukiweke sakafuni mahali unapofikiria kumweka, kisha ukisome saa tisa alasiri kwa siku tatu mfululizo. Kikipita nyuzi 30, tafuta pengine. Orofa ya juu kabisa iliyo chini ya mabati ni tanuri, hata madirisha yawe wazi. Mara nyingi pahali pazuri ni pale usipopatarajia: ukumbini kwenye vigae, kwenye korido, au chumba cha chini chenye kuta nene kama zile za nyumba za Mji wa Kale. Angalia pia upepo. Kaskazi huvuma miezi ya joto kali, Desemba mpaka Machi, kutoka kaskazini-mashariki. Dirisha la upande huo lina thamani kuliko feni.

Roshani ni mtego. Paka wa mtaani hupanda, na kunguru wa Mombasa si wa kuchezewa: humdonoa mnyama mdogo machoni na hawaji peke yao. Kama hamna budi kutumia roshani, iwe asubuhi au jioni, mtu mzima akiwepo, na waya mgumu wa kuchomelewa wenye matundu yasiyozidi inchi moja uwe umezunguka mpaka juu. Waya wa kuku hautoshi, kwani sungura huutafuna na paka huupinda.

Ukubwa unaopendekezwa kwa sungura wawili ni mita 3 kwa mita 2, na uzio wa mita moja kwenda juu. Najua fleti nyingi za Tudor au Mikindani hazina nafasi hiyo ya kukaa tupu. Basi mpe kona yenye uzio anayoweza kuruka mara tatu nne bila kugonga ukuta, kisha umfungulie chumba kizima kwa muda wa saa nne au tano kila siku, alfajiri na baada ya magharibi, ambazo ndizo saa zake za kuchangamka. Mchana analala, na kumwamsha ili wageni wamwone ni kumwonea.

Sakafu iwe ngumu. Sungura hana nyama laini chini ya nyayo kama paka. Ana manyoya tu. Akisimama juu ya waya kwa miezi, manyoya hukatika, ngozi huchubuka, na vidonda vya visigino hugoma kupona kwa sababu anavikanyaga kila dakika. Kwenye vigae vitupu huteleza, kwa hiyo tandika mkeka wa ukindu usiotiwa rangi. Atautafuna, na ndiyo kazi yake. Ule wa rangi, wa mgeni, uviringishe uuweke juu ya kabati.

Kabla hajaingia, piga magoti uitazame nyumba kutoka kimo chake. Kila waya wa stima ulio chini ya sentimita 50 upitishe ndani ya paipu ya plastiki wanayotumia mafundi wa stima. Waya wa chaja ya simu anaukata kwa kuumwa mara moja. Ziba nafasi nyuma ya jokofu na chini ya makochi. Sungura hupumua kwa pua tu, si kwa mdomo, kwa hiyo udi, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma visitiwe moto chumbani mwake. Fukizeni chumba kingine na mfunge mlango. Kwa Waislamu, mkojo na mavi ya mnyama ni najisi katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi pwani, hivyo chumba cha kuswalia kiwe nje ya eneo lake tangu siku ya kwanza. Ni rahisi kumzoesha mpaka huo mapema kuliko kufua mswala kila wiki.

Kumchagua

Sungura wengi wanaouzwa Kenya ni mbegu za nyama kama New Zealand White na Californian, ambao hufika kilo 4 au 5. Hawana ubaya wowote kwa tabia, lakini mwili mkubwa hutunza joto. Kwa Mombasa ni afadhali mwenye kilo 2 mpaka 3, kama Dutch au chotara mdogo, mwenye manyoya mafupi na masikio yaliyosimama. Masikio hayo si pambo. Yamejaa mishipa ya damu, na ndiyo njia yake kubwa ya kutoa joto. Wale wa manyoya marefu waachie watu wa Limuru, kwenye baridi.

Asiwe chini ya wiki 8. Mchukue mkononi umkague bila haya, muuzaji atasubiri. Geuza miguu ya mbele uangalie upande wa ndani: manyoya yakiwa yamegandana, anajifuta makamasi kwa miguu hata kama pua yenyewe muuzaji ameipangusa. Tazama ndani ya masikio. Ukoko wa kahawia unaofanana na makapi ni utitiri. Pua na ncha za masikio zenye magamba meupe ni ukurutu, na unaambukiza watu pia. Makalio yawe makavu. Meno ya mbele ya juu yapite kidogo mbele ya yale ya chini.

Jinsia uihakikishe mwenyewe. Mlaze mapajani kidogo tu, bonyeza taratibu kandokando ya tundu la mbele: dume hutoa kitu cha mviringo kama mrija mdogo, jike hufunguka kama mfuo. Kwa watoto wa wiki 8 hata wazoefu hukosea. Ndiyo asili ya ile habari ya kila siku, “majike wawili” waliozaa. Mimba ni siku 31, na jike anaweza kushika nyingine siku ile ile aliyozaa. Mpaka daktari athibitishe, au mpaka mmoja awe amehasiwa, wakae mbalimbali kuanzia miezi 3.

Choo

Hili ndilo rahisi kuliko yote, na wengi hulishangaa. Sungura huchagua kona moja mwenyewe. Kazi yako ni kuifuata kona hiyo, si kumlazimisha yako.

Chukua beseni la plastiki lenye upana wa kama sentimita 40 kwa 50, na ukingo mmoja ukatwe chini ili apande bila shida. Tandika magazeti, kisha maranda au karatasi zilizochanwa, kimo cha vidole viwili. Juu yake, upande mmoja, rundika nyasi kavu. Sungura hula huku akienda choo. Ukiweka nyasi mbali na beseni, umejitakia kufagia. Maranda yasiwe ya mbao zenye harufu kali, wala vumbi laini la msumeno, kwani huingia puani. Muulize seremala amekata mbao gani. Mvule, kwa mfano, vumbi lake huwasha hata mapafu ya fundi.

Badilisha kila siku au kila siku ya pili. Kwa unyevunyevu wa hapa mkojo hugeuka amonia haraka, na pua yake iko sentimita tano tu kutoka hapo. Ukoko mweupe unaobaki kwenye beseni ni chokaa. Mimina siki nyeupe, subiri nusu saa, sugua. Usitumie dawa ya klorini juu ya mkojo. Vikikutana hutoa gesi ya sumu kwake na kwa anayesafisha, na dada wa kazi aelezwe hilo waziwazi.

Chakula

Kwa macho, gawanya chakula cha siku hivi: sehemu nane kati ya kumi ni nyasi. Moja na zaidi ni majani mabichi. Kinachobaki ni peleti, yaani chakula cha dukani cha vipande vidogo vilivyoshindiliwa, na tunda ni la kubembelezea tu.

Nyasi kavu, hei kama wauzaji wanavyoiita, ziwepo mbele yake usiku na mchana. Zina kazi mbili. Meno ya sungura hayakomi kukua, yale ya mbele yakiongezeka kama milimita 2 kwa wiki, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi kwa saa nyingi, si karoti. Na nyuzinyuzi ndizo zinazosukuma tumbo. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo kilichoingia sharti kisukumwe mbele. Boma Rhodes, aina ya nyasi za malisho, iliyokauka vizuri inafaa. Iwe na rangi ya kijani au dhahabu na inukie kama shamba. Ikinuka kama nguo zilizokaa kwenye beseni, au ukiikung'uta ikitoa vumbi la kijivu, imeshika ukungu. Itupe yote, usichague.

Hapo ndipo Mombasa inapotutesa. Sungura wa kilo 2 hula kama kilo mbili na nusu za nyasi kavu kwa mwezi, ilhali beli moja lina kilo kumi na kitu. Kabla hajalimaliza, masika ya Aprili na Mei yameliozesha. Nunueni beli moja watu watatu wanne, au umwombe mwenye mbuzi wa maziwa akuuzie robo. Lako litie kwenye gunia la mkonge au la nyuzi linalopitisha hewa, usilifunge kwenye mfuko wa plastiki, na uliinue juu ya ubao, mbali na ukuta. Siku za jua litoe nje lipunge hewa.

Hei ikikosekana, nyasi mbichi ni nzuri pia, ila zikatwe mbali na barabara na mahali mbwa wanapokojolea, zioshwe, zitandazwe zikauke maji. Nyasi zilizorundikwa mpaka zikapata joto usimpe kamwe. Zimeanza kuchacha, na zitaendelea kuchacha tumboni.

Majani mabichi yawe ujazo wa kikombe kimoja kwa kila kilo ya uzito, kila siku, aina mbili au tatu zilizochanganywa. Dhania, mnanaa, mrehani, majani ya karoti, matembele, kishona nguo kabla hakijatoa miba, majani ya mforsadi na ya mpera: vyote hivi vinapatikana. Majani ya karoti wauzaji wa soko la Kongowea huyatupa. Beba mfuko, uyaombe asubuhi. Sukuma wiki na mchicha viwe vya zamu, mara mbili tatu kwa wiki, kwa kuwa mchicha una oksaleti nyingi na sukuma wiki ina kalsiamu nyingi, na kalsiamu ya ziada sungura huitoa kwa mkojo, ambako hugeuka mchanga kwenye kibofu. Kabichi humjaza gesi.

Kila jani jipya lianze kwa kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto. Subiri siku moja. Mavi yakilainika, liache.

Peleti zisizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Wa kilo 2 asizidi gramu 50, na hata chini ya hapo haidhuru kama nyasi anakula. Pima kwa mizani ya jikoni mara moja, kisha utie alama kwenye kikombe. Peleti nyingi za madukani zimetengenezwa ili kunenepesha sungura wa nyama haraka, si wa kuishi miaka kumi. Anayejazwa peleti huacha nyasi, kama mtoto aliyekula biskuti kabla ya wali.

Tunda ni kipande cha embe au papai cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, mara mbili kwa wiki. Karoti vivyo hivyo, maana ina sukari. Mahamri, chapati, mkate, punje za mahindi, njugu na nazi havimo. Wanga huchacha tumboni na kuua bakteria wanaomsaidia.

Na vilivyo sumu: majani mabichi ya muhogo, ambayo sisi huyala kisamvu baada ya kuyatwanga na kuyachemsha sana; parachichi, tunda na jani; vitunguu na thomu; majani ya nyanya na ya viazi mbatata; chokoleti. Kwenye vyungu vya maua ondoa oleanda na waridi la jangwani.

Maji ni mililita 50 mpaka 150 kwa kila kilo kwa siku, na siku za joto huzidi. Yawe yale mnayokunywa ninyi. Maji ya kisima cha chumvi hayafai. Atayanywa kidogo kuliko haja yake, na hapo ndipo tumbo linapokauka. Bakuli zito la udongo ni bora kuliko chupa ya kutundika, ambayo gololi yake hukwama bila mtu kujua.

Joto

Sungura hatoi jasho la kumpoza, na kuhema kwake hakumpozi sana. Ana masikio, na ana kujilaza ubavu kwenye sakafu baridi. Nyuzi 15 mpaka 22 ndizo anazostarehe. Kuanzia 28 anavumilia tu. Ndiyo maana feni peke yake si dawa: wewe inakupoza kwa kukausha jasho, yeye hana jasho la kukausha. Feni humfaa inapovumisha hewa juu ya kitu baridi.

Kitu baridi hicho ni chupa. Tafuta chupa nne za plastiki za lita moja na nusu, zijaze maji lakini acha nafasi ya vidole viwili juu, kwani barafu hutanuka, kisha uzigandishe. Mbili zikae naye, mbili kwenye friza. Kila moja ifungwe kwa kipande cha leso kuukuu ili asiitafune na baridi isimchome. Badilisha saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Stima ikipotea, chupa hizo ndizo akiba yako, kwa hiyo usingoje Februari ndipo uzigandishe. Vigae viwili vilivyolala jokofuni usiku kucha vinasaidia vilevile. Kwa wenye eya kondishena, nyuzi 25 zinatosha, upepo usimpige moja kwa moja.

Taulo bichi lililotundikwa dirishani hufanya kazi vizuri zaidi hewa ikiwa kavu. Kwa unyevu wa Mombasa lina faida ndogo, labda kaskazi inapovuma kwa nguvu.

Jifunze pumzi zake akiwa mzima. Amelala, hesabu mbavu zinavyopanda kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Kati ya 30 na 60 ni kawaida. Zikizidi hapo hali ametulia kivulini, joto limeanza kumshinda: ongeza chupa, fungua mapazia yanayozuia hewa, na usimshike. Akilala amejinyoosha, masikio mekundu yenye moto, pua imelowa, au akipumua kwa mdomo, hiyo ni dharura.

1. Mhamishe mara moja mahali pa baridi kuliko pote nyumbani, sakafuni.
2. Lowesha masikio, mbele na nyuma, kwa kitambaa cha maji ya kawaida. Maji ya barafu hubana mishipa ya masikio na kufunga mlango wa joto.
3. Mlaze juu ya taulo bichi, feni ikivuma kando. Usimtumbukize kwenye beseni. Mshtuko huo peke yake unaweza kumuua.
4. Mtilie maji kwenye bakuli mbele yake. Kama hanywi, usimmiminie mdomoni, yatakwenda mapafuni.
5. Mpigie daktari wakati hayo yanaendelea, na umpeleke hata akionekana amepata nafuu. Tumbo huweza kusimama saa kadhaa baadaye.

Kumshika

Mkono mmoja chini ya kifua, wa pili chini ya makalio, kisha umlete kifuani pako. Kamwe si kwa masikio. Mifupa yake ni myepesi na misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu kupita kiasi. Akipiga teke hewani akiwa hana pa kukanyaga, huweza kuvunja uti wake mwenyewe. Watoto chini ya miaka minane wasimnyanyue hata kidogo. Mtoto akae mkekani, miguu imenyooshwa, jani la dhania mkononi, anyamaze. Sungura atakuja. Huchukua siku kadhaa, na watoto huziweza kuliko tunavyodhani.

Apigapo mguu chini, ameogopa. Akikuzunguka miguuni akikoroma, anachumbia. Akikusugulia kidevu, ameandika jina lake juu yako. Akiruka hewani na kujipinda katikati, nyumba imemkubali. Kusaga meno polepole akipapaswa ni raha. Kusaga kwa sauti kubwa akiwa amejikunyata ni maumivu.

Dakika tano za asubuhi

Chuchumaa kwenye beseni kabla hujalisafisha. Sungura mzima hutoa punje mia mbili mpaka mia tatu kwa siku, za mviringo, zinazolingana, kubwa kama mbaazi. Chukua moja uivunje kwa kidole: ndani uone nyuzi za nyasi, kavu, kama maranda madogo. Hilo ndilo tumbo zima. Zikiwa ndogo na ngumu, hanywi au hali nyasi. Zikiwa zimeungana kwa unywele kama shanga zilizotungwa, anabadilisha manyoya, mchane kila siku na umwongezee nyasi. Kile kishada laini, cheusi, kinachong'aa na kunuka, si kuharisha. Ni kinyesi cha pili, chenye vitamini, ambacho hukila moja kwa moja kutoka mkunduni. Ukikikuta kimeachwa sakafuni kila siku, punguza peleti na matunda. Uharo wa maji, hasa kwa mtoto wa sungura, ni wa daktari siku hiyo hiyo.

Mkojo huwa wa manjano, wa chungwa, hata mwekundu kulingana na majani aliyokula. Mwekundu wote ni rangi. Matone ya damu ndani ya mkojo wa kawaida ni ugonjwa.

Kisha mtazame nyuma. Makalio yaliyolowa huvuta nzi, nzi hutaga, na funza huanza kuila ngozi ndani ya siku moja. Osha sehemu hiyo tu kwa maji vuguvugu, ukaushe. Sungura haogeshwi mwili mzima. Hujisafisha kama paka. Mara moja kwa wiki inua mdomo uone meno, na kila wiki sita hivi punguza kucha, ukiukwepa mshipa mwekundu ulio ndani yake. Ikitoka damu, bonyezea unga wa ngano.

Asipokula wala kutoa mavi kwa saa 12, usisubiri kupambazuke.

Dawa zinazoua

Hili lisomwe na kila aliye nyumbani. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronili humuua sungura. Amoksilini na penisilini za kunywa humuua pia, si kwa sumu bali kwa kufagia bakteria wema wa tumbo na kuacha wabaya wazaliane. Zote mbili huuzwa bila maswali mengi. Utitiri na ukurutu hutibiwa na ivermektini, lakini kipimo hufuata uzito na sindano ya ng'ombe ina nguvu nyingi; kosa la tone moja kwa mnyama wa kilo 2 si dogo. Apime daktari. Kenya Veterinary Board ndiyo inayosajili madaktari wa mifugo. Uliza usajili, kisha uliza swali la pili lililo muhimu zaidi: sungura umewatibu wangapi, na umewafanyia upasuaji?

Upasuaji wa kuhasi hufanywa kati ya miezi 4 na 6. Dume huacha kunyunyiza mkojo ukutani. Jike huepushwa na saratani ya kizazi, ambayo huwapata majike wengi wasiohasiwa wakishapita miaka minne. Daktari akikuambia umlaze njaa kabla ya upasuaji, tafuta mwingine. Kufunga kabla ya upasuaji ni kwa sababu ya matapishi, na huyu hatapiki.

Mpweke huchoka. Dume na jike waliohasiwa ndio jozi inayokubaliana kwa urahisi, ila wakutanishwe mahali ambapo si pa yeyote kati yao, dakika 15 kwa siku, mpaka walambane. Wakirukiana, tenganisha kwa ubao au ufagio, si kwa mikono.

Safari na kumwacha

Kikapu kigumu chenye matundu, taulo ndani, nyasi kidogo, chupa moja ya barafu iliyofungwa. Tuktuk ni afadhali kuliko bodaboda. Anayevuka Likoni avuke alfajiri, maana foleni ya feri saa saba mchana ni hatari kwake kuliko upasuaji wenyewe.

Mkisafiri kwenda bara kwa sikukuu, aachwe hapo hapo alipozoea, jirani aje mara mbili kwa siku. Mwandikie kwenye karatasi ya jokofuni: nyasi zisiishe, maji yabadilishwe, chupa za barafu saa tano na saa tisa. Chini yake andika namba ya daktari, na neno moja kwa herufi kubwa kuhusu mavi: YAHESABU.